Mtoto wa Desemba Katika Timu ya Januari

Huenda jambo hili umeliona nyumbani kwako. Mtoto tangu ana miaka sita hakamatiki. Akirudi skuli hutupa mkoba mlangoni na kukimbilia uwanjani, na jioni hurudi na vumbi hadi kwenye nyusi. Anapofika miaka kumi na miwili au kumi na mitatu mambo hubadilika. Njumu zinalala chini ya kitanda. Ukimwuliza anajibu, "Basi tu, sitaki tena." Baba husema mtoto amekuwa mvivu. Mama husema ni masomo ya ziada. Jirani husema ni simu. Kila mmoja anaweza kuwa na sehemu ya ukweli, lakini ipo sababu nyingine ambayo familia nyingi hazijapata kuifikiria, nayo imeandikwa kwenye cheti cha mtoto mwenyewe: tarehe aliyozaliwa.

Tuseme mapema kwamba hatuzungumzii nyota wala falaki. Mwezi wenyewe hauna nguvu yoyote juu ya miguu ya mtoto. Ni hesabu tu.

Katika michezo ya vijana watoto hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, na katika mpira wa miguu mwaka huo huanza tarehe 1 Januari. Tuwafikirie watoto wawili wa Kikwajuni. Mmoja kazaliwa tarehe 3 Januari 2014, mwenzake tarehe 29 Desemba 2014. Kwa kanuni wote ni "wa 2014", na siku ya kuchagua timu husimama mstari mmoja. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2024 wa kwanza alikuwa ametimiza miaka kumi, na wa pili ndiyo kwanza alikuwa ametimiza tisa. Mtoto wa umri huo huongezeka kiasi cha sentimita tano au sita kwa mwaka, na kilo kama tatu. Mtu wa miaka 40 na mwenzake wa miaka 41 hatuwezi kuwatofautisha kwa kuwatazama. Kwa mtoto wa miaka tisa, mwaka mmoja ni sehemu ya tisa ya maisha yake yote.

Mwalimu wa timu anatazama nani anawahi mpira, nani anapiga shuti la mbali, nani haanguki akisukumwa. Anamchagua wa Januari na kuamini kwamba amechagua kipaji. Kwa kiasi fulani amechagua miezi kumi na miwili ya ziada.

WALIVYOLIGUNDUA WENGINE

Habari hii ilianza kujulikana nchini Canada, katika mchezo wa magongo wa kwenye barafu, ambao huko hupendwa kama sisi tunavyopenda kandanda. Mwanasaikolojia Roger Barnsley alikwenda na mkewe Paula kutazama mchezo wa vijana katika mji wa Lethbridge. Mama huyo, akisoma kijitabu chenye majina ya wachezaji, aliona jambo ambalo mumewe hakuliona: tarehe za kuzaliwa zilikuwa nyingi mno za Januari, Februari na Machi. Walikwenda kuhesabu, na mwaka 1985 matokeo yakachapishwa. Wachezaji wa ligi kubwa walikuwa wamejazana katika miezi ya mwanzo wa mwaka, na wa miezi ya mwisho walikuwa wachache.

Baadaye ikaonekana katika kandanda vilevile. Mtafiti mmoja alihesabu wachezaji wa fainali za dunia za vijana chini ya miaka 17, kuanzia 1997 hadi 2007. Karibu asilimia 40 walizaliwa katika miezi mitatu ya kwanza ya mwaka, na asilimia 16 tu katika miezi mitatu ya mwisho. Kama mwezi haungekuwa na maana katika uchaguzi, kila robo ya mwaka ingekuwa na kiasi cha asilimia 25.

Mwenye shaka anaweza kuuliza: labda kweli watoto wa Januari huzaliwa na afya bora? Jibu lilitoka Ubelgiji. Huko hadi mwaka 1997 mwaka wa wachezaji chipukizi ulianza tarehe 1 Agosti, na waliong'ara walikuwa watoto wa Agosti na Septemba. FIFA ilipotaka mwaka uanze 1 Januari, mambo yaligeuka mara moja: watoto wa Agosti wakapoteza nafasi, wa Januari wakazichukua. Hakuna aliyebadilika damu wala mifupa. Ulibadilika mstari uliochorwa kwenye kalenda.

Mtafiti Werner Helsen na wenzake wa Ubelgiji ndio waliotuonyesha pia upande wa huzuni. Katika kazi yao ya mwaka 1998 walikuta kwamba watoto waliozaliwa mwishoni mwa mwaka wa mashindano walikuwa wakiacha mpira kwa wingi kuliko wenzao, na walianza kuacha tangu umri wa miaka kumi na miwili. Nchini Ufaransa watafiti wengine waliwahesabu wasichana wanaocheza mpira, nao wakakuta wanaoacha ni wengi zaidi miongoni mwa waliozaliwa mwishoni mwa mwaka.

Si vigumu kuelewa kwa nini. Mtoto anayechaguliwa hupata mazoezi mengi zaidi, mwalimu aliye bora, mechi za ushindani, na sifa mtaani. Kila mwaka unaopita huongeza pengo. Mwenzake hukaa benchi, huingizwa dakika tano za mwisho, husikia akiitwa "kidogo" au "mwanamke". Mtoto wa miaka kumi na miwili hajui hesabu tuliyoieleza hapa. Anachojua ni kwamba amejitahidi miaka minne na bado ni wa mwisho. Kuacha, kwa upande wake, ni uamuzi wenye busara.

HAPA KWETU UNGUJA

Jioni pita Mnazi Mmoja au Maisara, au nenda shamba upande wa Paje na Jambiani maji yakiwa yametoka, watoto wanacheza juu ya mchanga mgumu. Utaona kwamba watoto wenyewe hawana shida ya mwaka wa kuzaliwa. Wanagawana wakubwa kwa wadogo, huyu wetu huyu wenu, na kama upande mmoja umezidiwa wanabadilishana. Mdogo kuliko wote huwekwa pembeni lakini hapigwi marufuku. Taabu huanza pale watu wazima wanapoingia na kikombe, na ligi za Juvenile, Junior na Central, na swali la nani apewe jezi.

Na hapa kwetu taabu ina sura ya pili. Katika ile hesabu ya fainali za vijana, timu za Afrika hazikufuata mkondo wa mabara mengine; zilikwenda kinyume, wengi wa wachezaji wake wakiwa wameandikwa kuzaliwa miezi ya mwisho ya mwaka. Sisi tunaoishi huku hatushangai sana. Tarehe ya kuzaliwa kwa familia nyingi ilikuwa kitu cha kukumbuka, si cha kuandika. Bibi atakwambia mtoto alizaliwa Mfungo Mosi, mwaka ule ilipozama MV Spice Islander. Meli ile ilizama Septemba 2011, sawa, lakini mwezi wa Kiislamu unarudi nyuma kiasi cha siku kumi na moja kila mwaka wa kalenda ya kawaida, na kumbukumbu ya mtu haina mpaka wa tarehe 31 Desemba. Hapo karani akipata mwaka bila siku huandika 1 Januari, na mtoto amekuwa mkubwa au mdogo kwa kalamu.

Hayo ni makosa yasiyo na nia mbaya. Yapo mengine yenye nia.

Mwezi Aprili 2018, huko Burundi, yalifanyika mashindano ya CECAFA ya vijana chini ya miaka 17. Zanzibar ilipeleka timu. Sharti lilikuwa mchezaji awe amezaliwa tarehe 1 Januari 2002 au baada ya hapo, kwa kuwa mashindano yalihusiana na fainali za Afrika zilizofanyika Dar es Salaam Aprili 2019. Timu yetu ilikutwa na wachezaji waliovuka umri, ikaondolewa mashindanoni, na CECAFA ikatoa adhabu ya kufungiwa mwaka mmoja pamoja na faini. Hatuko peke yetu katika aibu hii. Mwaka 2017 Congo Brazzaville ilipoteza nafasi ya kwenda fainali za vijana za Afrika nchini Gabon baada ya mchezaji wake mmoja kutofika kwenye kipimo cha umri, na nafasi hiyo ikachukuliwa na Serengeti Boys wa Tanzania. Januari 2023, Cameroon ilipowapima wachezaji 30 wa timu yake ya chini ya miaka 17, 21 kati yao walishindwa kipimo.

Magazeti yaliandika habari ya 2018 kama aibu ya taifa. Sisi tunataka kumwangalia mtu ambaye hakuandikwa. Kila kijana mkubwa anapowekwa katika timu ya wadogo, kuna mdogo wa haki aliyebaki nyumbani. Na nani hubaki? Si yule wa Januari mwenye mapaja mazito, huyo bado anaweza kupambana. Anayebaki ni mtoto mkweli wa Novemba au Desemba, ambaye tayari alikuwa nyuma kwa miezi kumi na miwili, na sasa ameongezewa pengo la miaka miwili au mitatu. Wazazi wanaokubali kumbadilishia mtoto cheti ili "apate bahati" wafahamu kwamba bahati hiyo imechukuliwa mfukoni mwa mtoto wa mtu mwingine. Tena kuna hatari ya mwili. Kijana wa miaka kumi na saba anapogongana na wa miaka kumi na mitatu, tofauti ya uzito inaweza kuwa kilo ishirini, na mifupa ya mdogo haijakomaa.

MKONO HAUSEMI UWONGO

Wengi wametuuliza kipimo hicho cha umri kinafanyaje kazi. Mifupa mirefu ya mtoto ina sehemu laini karibu na ncha zake, nayo ndiyo sehemu ya kukulia. Mtoto anapokomaa, sehemu hiyo huwa ngumu kidogo kidogo hadi ikaungana na mfupa wote. FIFA ilianza kupima kifundo cha mkono kwa MRI katika fainali za dunia za vijana zilizofanyika Nigeria mwaka 2009. MRI haitumii mionzi kama eksrei, kwa hiyo haimdhuru kijana mwenye afya. Haitaji siku ya kuzaliwa. Huonyesha tu kama mfupa umekwisha kuungana kabisa, jambo ambalo ni nadra sana kutokea kabla ya miaka kumi na saba.

Kipimo hicho kinatufundisha jambo jingine linalowahusu wazazi wote, hata wasio na haja ya mashindano: umri wa cheti na umri wa mwili si kitu kimoja. Watoto wawili waliozaliwa siku moja wanaweza kupishana miaka miwili, mitatu au zaidi katika kukomaa. Kwa kawaida wavulana hurefuka kwa kasi kubwa wakiwa na miaka kumi na mitatu au kumi na minne, wasichana wakiwa na kumi na moja au kumi na miwili, lakini wapo wanaotangulia na wapo wanaochelewa, nao ni wazima. Mtoto wa Desemba anayechelewa pia kukomaa amebeba mizigo miwili. Akifika miaka kumi na minane pengo la mwili huwa limefungwa au karibu kufungwa. Taabu ni kwamba wengi hawapo tena uwanjani kuliona likifungwa.

Wanaosubiri hupata. Harry Kane alizaliwa tarehe 28 Julai 1993. Uingereza mwaka wa vijana huanza Septemba, hivyo Julai kwao ni kama Novemba kwetu. Arsenal walimwacha akiwa bado mtoto mdogo wa miaka minane. Mwaka 2018 alikuwa mfungaji bora wa Kombe la Dunia, na mwaka 2023 akawa mfungaji bora wa wakati wote wa timu ya taifa ya Uingereza. Jamie Vardy alizaliwa Januari, lakini aliachwa na Sheffield Wednesday akiwa na miaka kumi na sita kwa sababu ya udogo wa mwili. Mwaka 2016 alikuwa bingwa wa Ligi Kuu na Leicester. Hawa tunawataja kwa sababu vijana wetu wanawajua kwa majina. Waliokata tamaa katika hali kama yao hakuna anayewajua.

KABLA YA KUSEMA NI UVIVU

Si kila anayeacha mchezo huacha kwa sababu ya tarehe. Mitihani ni kweli. Wasichana wengi huacha hedhi inapoanza, kwa haya, kwa kukosa mahali pa kubadili nguo, au kwa maneno ya watu kuhusu mavazi. Hilo lastahili makala yake. Na wapo watoto wanaochoka kwa sababu ni wagonjwa. Mtoto ambaye zamani alikimbia na sasa anahema haraka, amepauka viganja na ndani ya kope, apelekwe kupimwa damu. Minyoo bado ipo, na kichocho bado kipo katika baadhi ya vijiji vya Unguja na Pemba. Mkojo wenye damu si dalili ya ukubwa kama vijana wengine wanavyodhani. Maumivu ya mifupa yanayokuja na kuondoka yanaweza kuwa ya seli mundu.

Yako pia maumivu ya kukua. Mtoto wa miaka kumi hadi kumi na minne anayecheza sana anaweza kulalamikia kisigino, au uvimbe mdogo mgumu chini kidogo ya goti. Hapo ndipo misuli inapovuta sehemu laini ya mfupa. Dawa yake kubwa ni kupunguza kukimbia na kuruka kwa wiki kadhaa na kuweka kitambaa chenye barafu. Asikandwe kwa nguvu, wala asiambiwe "jikaze mwanamume". Akichechemea, akiumwa usiku hata akiwa amelala, au kiungo kikivimba na kuwa cha moto, aende hospitali bila kungoja. Kijana anayerefuka haraka huweza pia kupoteza ustadi wake kwa miezi, mpira ukamtoka mguuni kama mgeni. Miguu imekuwa mirefu kabla akili haijaizoea. Itarudi.

Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtoto wa miaka mitano hadi kumi na saba apate kwa wastani angalau dakika 60 za kujishughulisha kimwili kwa siku, na lilikadiria kwamba mwaka 2016 vijana wanne kati ya watano duniani, wa miaka kumi na moja hadi kumi na saba, hawakufikia kiasi hicho. Kwa hiyo mtoto anapotupa njumu zake, moyo, mifupa, usingizi na furaha yake vyote vinaguswa. Kama hataki tena mashindano, aogelee Forodhani na wenzake, acheze mpira wa pwani, aendeshe baiskeli, ajifunze judo, mchezo ambao Wajapani waliupanda Unguja na ambao wapinzani hupangwa kwa uzito.

Baba au mama anaweza kuweka alama ya urefu wa mtoto kwenye fremu ya mlango kila baada ya miezi mitatu na kuandika tarehe. Mtoto anayejiona mfupi atafurahi kuona mstari ukipanda, na mzazi atajua kasi ya kurefuka imeanza lini. Mwambie wazi: "Umezaliwa Desemba, unacheza na watu waliokutangulia mwaka mzima." Sentensi hiyo moja huondoa aibu kubwa. Na cheti kikatwe mapema, kwa tarehe ya kweli iliyo kwenye kadi ya kliniki.

Kwa walimu wa timu za mitaa na za skuli, tunapendekeza mambo machache yasiyo na gharama. Kila mtoto acheze angalau nusu ya mechi hadi afike miaka kumi na minne. Mara moja kwa mwezi wagawe vijana kwa ukubwa wa mwili badala ya mwaka. Klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zimekuwa zikijaribu hivyo tangu 2015, na wadogo hupata nafasi ya kuonyesha akili yao ya mpira huku wakubwa wakilazimika kutumia akili badala ya mabega. Jambo la tatu limetujia kutoka Uholanzi, nasi tumelipenda kuliko yote. Watafiti waliwapa wachaguzi wa wachezaji kazi ya kutazama mechi ya watoto. Walioambiwa tarehe za kuzaliwa bado waliwapendelea wakubwa. Lakini watoto walipovalishwa jezi zenye namba zilizopangwa kwa umri, na wachaguzi wakaelezwa maana yake, upendeleo ulitoweka. Timu isiyo na jezi za namba inaweza kutumia kipande cha plasta mgongoni na kalamu ya wino.